Karani wa Ndege wa Mida

Katika kundi la kuhesabu ndege, kila mtu anataka darubini. Penseli haigombewi. Hivyo ndivyo mimi, mwalimu wa shule ya msingi mwenye macho mabovu na mwandiko mzuri, nilivyopata kuwa karani wa ndege hapa Mida. Kwa miaka mingi nimesimama nyuma ya vijana wanaotazama, nikiandika wanachokitaja. Kazi haikuwa ngeni kwangu. Walimu wa rika langu ndio tuliotumwa nyumba kwa nyumba katika sensa za watu za 1979, 1989 na 1999, na aliyewahi kumuuliza mzee umri wa mama mkwe wake bila kufukuzwa uani hawezi kushindwa na kitwitwi.

Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara nyuma ya Watamu, katika Kaunti ya Kilifi, mikoko imeuzunguka pande zote. Maji yakipwa hubaki uwanda wa tope na mchanga, na msimu wa kaskazi uwanda huo hujaa wageni: vitwitwi wa aina nyingi, sululu, membe, heroe wachache wakipenda. Wako waliozaliwa Siberia. Yuko pia ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene, ambaye sisi kundini tunamwita mla kaa kwa sababu hiyo ndiyo kazi yake tangu maji yapwe hadi yajae. Huyu huzaliwa karibu zaidi, kwenye fukwe na visiwa vya Ghuba, Oman na Bahari ya Shamu, tena ndani ya shimo linalochimbwa mchangani, jambo lisilofanywa na ndege mwingine yeyote wa jamii ya vitwitwi. Yai huwa moja. Kinda hufuatana na wazazi hadi huku kwetu na huendelea kulishwa akiwa amekwisha kuruka bahari nzima. Niliposomesha nilikuwa na watoto wa darasa la saba wa namna hiyo.

Wavuvi hawakuhitaji mtu wa kuwafundisha kalenda ya ndege hawa. Baba yangu alikuwa na uzio wa samaki ndani ya Mida. Alijua kwamba vitwitwi wakinona na kuanza kubadilika rangi, kaskazi imekwisha na kusi iko njiani, na kwamba wakianza kurudi, mwezi wa nane, bahari ya nje itatulia baada ya muda si mrefu. Alikumbuka mwaka gani walikuwa wengi na mwaka gani wachache. Lakini wengi wa baba hawakuwa wengi wa jirani yake. Waliweza kubishana jioni nzima juu ya ndege wa mwaka mmoja, na hakuna aliyekuwa na kitu mkononi cha kuumaliza ubishi. Alipofariki, miaka yake yote ya kutazama iliondoka naye. Sisemi ujuzi wake ulikuwa mdogo. Nasema haukuwa na tarehe.

Tarehe zililetwa na watu wengine, na walianza kwa bunduki.

Mwaka 1909 wazungu kadhaa wa Nairobi, maofisa, walowezi na wapenda wanyama, walianzisha chama cha kuchunguza viumbe vya Afrika Mashariki na Uganda. Frederick Jackson, aliyekuja kuwa gavana wa Uganda, alikuwa mmoja wa vinara wake na mpenzi mkubwa wa ndege. Chama kilipata jarida lake, na kikapata makumbusho madogo mahali ambapo leo pamesimama Nyayo House. Makumbusho yakahama mara mbili, na mwaka 1930 yakafunguliwa pale kilimani yalipo mpaka sasa, yakiitwa kwa jina la gavana Coryndon. Kumbukumbu ya ndege siku hizo ilikuwa ndege mwenyewe: alipigwa risasi, akachunwa, akajazwa pamba, akalazwa chali ndani ya sanduku, na mguuni akafungwa kikaratasi. Kwenye kikaratasi ziliandikwa tarehe, mahali na jina la mkusanyaji.

Mimi kikaratasi hicho nakiheshimu kuliko ngozi iliyofungwa nacho. Ndicho babu wa fomu yangu. Nafasi zake ni zilezile ninazozijaza leo: lini, wapi, nani. Ila ile nafasi ya nani ilijazwa kwa upendeleo. Waliojua mti gani ndege analala, waliotangulia porini, waliochuna bila kuchana ngozi nyembamba ya shingo, mara nyingi majina yao hayakufika kwenye kikaratasi. Wachache walipenya. Kule Amani, Usambara Mashariki, Salimu Asmani alimkusanyia ndege Reginald Moreau, Mwingereza aliyefika kwenye kituo kile cha utafiti wa kilimo mwaka 1928. Moreau hakuwa mwanasayansi wa kusomea. Alikuwa mtu wa hesabu za ofisi, na nadhani ndiyo maana alifanya jambo ambalo wenye bunduki hawakulifikiria: aliwaweka wafanyakazi Waafrika wakae karibu na viota, waandike ndege ameingia saa ngapi, ametoka saa ngapi, amelisha mara ngapi. Siku baada ya siku. Ndege hakuuawa. Aliandikwa tu.

Nikisoma habari za Amani huwa nafikiria wale watu wa saa na daftari waliokaa chini ya mti kutwa nzima, mbu wakiwala, wakisubiri mbayuwayu arudi. Hiyo ndiyo kazi yetu. Tofauti ni kwamba wao walikuwa wameajiriwa, na karatasi zikijaa zilikwenda kwa bwana.

Huku pwani mambo yalichelewa. Msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio nyuma ya nyumba zetu na wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, ulitangazwa kuwa msitu wa serikali ya kikoloni mwaka 1943. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi viganja viwili kwa urefu, hakujulikana kwa wataalamu mpaka 1965. Watu wa vijiji vya kando ya msitu walikuwa wamelala wakimsikia tangu utotoni, na ukiwauliza wangekuonyesha sehemu anakolilia. Hawakuulizwa.

Mabadiliko ninayoyahesabu kuwa makubwa hayakutokea msituni wala baharini. Yalitokea Nairobi, siku ya Jumatano. Mwaka 1971 Fleur Ng'weno alianza kuongoza matembezi ya asubuhi ya kutazama ndege, yakianzia makumbusho, na matembezi hayo hayajakoma. Anayetaka huenda. Anayejua ndege mia tano na anayejua kunguru peke yake hutembea pamoja. Vijana waliokuja kuwa waongoza watalii na wataalamu wa ndege walipita hapo. Ukiniuliza siri yake nini, nitakwambia si darubini, na wala si huruma kwa viumbe, maana huruma wanayo watu wengi na haiwatoi kitandani. Siri yake ni Jumatano. Jambo lililopewa siku yake halihitaji kuitishiwa kikao kila mara.

Huko Marekani walikuwa wamegundua hivyo zamani. Palikuwa na desturi ya vijana kugawana makundi siku ya Krismasi na kushindana kuua ndege wengi kadiri wawezavyo. Mwaka 1900 Frank Chapman, mtu wa makumbusho ya New York, akapendekeza washindane kuhesabu badala ya kuua. Walijitokeza watu 27. Hesabu hiyo inaendelea hadi leo, na makumi ya maelfu hushiriki. Sijui kama wale 27 walifikiria kwamba wanaanzisha kitu. Pengine walikuwa wanatafuta sababu ya kutoka nje baada ya kula sana.

Sensa ya ndege wa majini ya Kenya ilianza msimu wa 1990 na 1991, kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Mwaka huohuo wa 1990 Kenya ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhi oevu, na Ziwa Nakuru likawa la kwanza kuandikishwa. Nchi ikishasema ziwa lina thamani kwa ajili ya ndege, itaulizwa ndege wangapi. Idara ya ndege ya makumbusho, chini ya Leon Bennun, ikawakusanya watu wa kujitolea, wanafunzi, wafanyakazi wa hifadhi na wale wa matembezi ya Jumatano, wakagawiwa vipande vya ufuo, kila kundi na kipande chake, wahesabu kwa wakati mmoja ili ndege akihama asihesabiwe mara mbili. Walichagua Januari, mwezi ambao Ulaya walikuwa wakihesabu tangu 1967, maana wakati huo ndege wahamaji wametulia na hawako safarini.

Heroe wa Nakuru hawahesabiki mmoja mmoja. Mhesabuji hutenga kumi kwa jicho, akaona kumi wanachukua nafasi gani, akapanua iwe mia, halafu elfu, kisha akautembeza ule ukubwa wa elfu juu ya ziwa lote. Wapo wanaocheka wakisikia hivi. Lakini mtu yuleyule, mahali palepale, kwa njia ileile, hata akikosea hukosea kwa namna ileile, na mwaka ambao idadi imeanguka nusu utauona. Sensa ya watu nayo ina siri zake za namna hiyo, ambazo karani mstaafu hazisemi.

Kutoka maziwani desturi ikateremka pwani: Mida, mlango wa Sabaki, na kwingineko. Mwaka 1999 Bennun na Peter Njoroge walitoa kitabu cha maeneo muhimu ya ndege nchini, maeneo 60, na ndani yake yamo Arabuko-Sokoke, Mida, Sabaki na Dakatcha, yote katika kaunti yetu ya leo. Kitabu kilisaidia kuzaa vikundi vya wenyeji vya kuyaangalia maeneo hayo. Hapo ndipo penseli ilipobadilisha mkono. Shirika la A Rocha Kenya lilikuwa limeanza kazi Watamu, wakahesabu vitwitwi wa Mida na kuwavisha pete za chuma miguuni, na wakawafundisha vijana wa huku. Mwaka 2001 wakaanzisha mpango wa ASSETS: mgeni hulipa kidogo kupita juu ya daraja la mbao lililojengwa katikati ya mikoko hadi kibanda cha kutazamia ndege, na pesa hizo husaidia karo za sekondari za watoto wa vijiji vinavyopakana na msitu na mkono wa bahari. Kabla ya hapo, swali nililoulizwa na wazazi kila siku lilikuwa: Mwalimu, ndege hawa wana faida gani? Wakaacha kuuliza kwa muda. Siku hizi wanauliza kwa nini karo haitoshi, na hilo ni swali zuri zaidi.

Sasa nieleze siku ya hesabu inavyoendeshwa, maana historia nyingi za mambo haya husimuliwa kana kwamba ndege walijihesabu.

Kazi ya kwanza ni jedwali la maji la Kilindini. Ndege wa uwanda wa tope hutawanyika maji yakipwa na huwezi kuwapata wote. Maji yakijaa husukumwa, wakajikusanya kwenye kipande kidogo cha mchanga au juu ya mikoko mifupi. Kwa hiyo tunataka maji yanayojaa vizuri, maana maji mafu huwaacha ndege nusu njia. Bamvua kwetu hujaa saa kumi hivi, alfajiri na alasiri, na alfajiri ni giza. Basi ni alasiri. Tarehe haichaguliwi na mwenyekiti wala mfadhili. Huchaguliwa na mwezi, na mwezi haujali kwamba Jumamosi ndiyo siku ambayo watu wana nafasi. Januari nyingi tumehesabu siku ya kazi, na nusu ya vijana wakaomba ruhusa kwa uongo mdogomdogo wa mazishi.

Kazi ya pili ni chakula. Mtu akikaa juani tangu saa saba mpaka saa kumi na moja bila kitu, macho yake huanza kupunguza ndege ili arudi nyumbani. Nimeona. Kituo chenye mahamri na mbaazi huwa na ndege wengi kuliko kituo chenye maji matupu, na tofauti hiyo haitokani na ndege. Kwa hiyo kila kituo kipate chakula sawa, na kiandikwe kwenye bajeti bila haya. Wasomi wanaotutembelea huweka darubini mwanzo wa orodha na chai mwisho. Mimi huanza na chai.

Kazi ya tatu ni kuzungumza na wenye mahali. Mvuvi anayepita kwa mtumbwi wakati ule ndege wamejikusanya atawarusha wote, na hana kosa, yuko njiani kwenda kula kwake. Huwa naenda siku mbili kabla. Napiga hodi, napewa kiti, tunaulizana habari za watoto, halafu ndipo nasema keshokutwa alasiri tunaomba mpite upande wa pili. Wazee wengi hukubali. Mmoja aliniambia atakubali kama jina lake litaandikwa pia. Nikaliandika, kwenye nafasi ya waliosaidia, na kila mwaka liko.

Halafu ndiyo kuhesabu. Watazamaji wawili na karani mmoja. Mtazamaji wa kwanza hutaja, wa pili hukagua, karani huandika na kuuliza. Hasa kuuliza. Kijana akisema, "Vitwitwi wadogo, mia tatu," mimi humuuliza, "Mia tatu za kuhesabu au za kukadiria?" Akisema za kukadiria, naweka alama pembeni. Akisema za kuhesabu, namtazama usoni. Vijana wamezoea. Wakati mmoja nilimsikia mmoja akimnong'oneza mgeni, "Usimtajie Mwalimu namba nzima, atakuuliza." Namba nzima kama mia tano hainifurahishi. Mia nne na themanini na saba inaniambia kwamba mtu alitazama.

Kozi akipita juu, ndege wote huruka, wakageuka pamoja wakiwa weupe, wakageuka tena wakiwa weusi, na kila kilichohesabiwa kinaanzwa upya. Wageni hupiga picha. Sisi huangalia saa, maana maji hayangoji.

Niliposhika daftari za kundi nilizikuta zimeandikwa na waliotangulia, na zilikuwa na nafasi nyingi tupu. Mla kaa: tupu. Sululu: tupu. Nikauliza maana yake nini. Mmoja akasema hawakuonekana siku hiyo. Mwingine akasema hapana, siku hiyo hakuna aliyekwenda upande ule. Wa tatu akasema labda walionekana lakini karatasi ilikuwa imelowa. Tupu hiyo haina kazi tena. Huwezi kuiweka upande wowote. Ndege aliyetafutwa akakosekana ni habari, tena habari nzito, na asiyetafutwa si habari kabisa, na nafasi tupu inawachanganya wote wawili. Tangu hapo kundini kwetu kila mstari unajazwa. Ama idadi, ama sifuri, ama maneno "hatukwenda". Penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino na manyunyu ya bahari havipatani.

Vijana wengine waliona huu ni ukarani tu. Niliwapa mfano wa barabarani. Miaka ya 1970 watafiti waliendesha gari kwenye barabara za Kenya wakiandika kila tai, mwewe na kipanga waliyemwona, na maili walizokwenda. Makaratasi yakakaa. Watafiti wa siku zetu, Darcy Ogada na wenzake, wakakusanya hesabu za barabarani za kuanzia 2003 hadi 2020, wakalinganisha, na mwaka 2022 wakatoa matokeo: kati ya aina 22 walizozichambua, 19 zilikuwa zikionekana kwa uchache kuliko miaka ya 1970. Bila zile maili zilizoandikwa zamani, tungebaki na wazee wanaosema tai walikuwa wengi, na vijana wanaosema wazee husema hivyo kuhusu kila kitu.

Jambo linalotupa fahari watu wa Kilifi lilitokea Dakatcha, upande wa Magarini, kwenye vichaka vya mihuhu na miombo vya kaskazini mwa mto Sabaki. Yuko ndege mmoja wa jamii ya mnana, wa manjano na kijani chenye weusi, anayeitwa kwa Kiingereza Clarke's Weaver, ambaye duniani kote hapatikani nje ya kaunti hii. Alielezwa kitaalamu mwaka 1913. Alionekana Arabuko-Sokoke makundi kwa makundi, akipita juu ya miti na kutoweka, na hakuna mtaalamu aliyewahi kuona kiota chake. Mnana wa kawaida hujenga hadharani, mpaka juu ya mnazi wa msikitini. Huyu alikuwa akijificha.

Wenyeji wa Dakatcha walikuwa wameunda kikundi chao cha kulinda vichaka vile. Miaka hiyo palikuwa na mpango wa kulima mbono kaburi kwa ajili ya mafuta kwenye maelfu ya ekari, na serikali ikaja kuukataa. Watu waliokuwa wakitembea vichakani kuandika ndege na miti ndio waliojua mahali pa kutafuta, na mvua zilipojaza mabwawa ya msimu wakawa macho. Machi 2013 watu wa kikundi hicho wakakuta viota, juu ya majani marefu yaliyoota ndani ya bwawa la msimu, mahali ambapo mtu wa gari hafiki na ambapo mwaka wa ukame hapana maji wala majani. Miaka mia moja tangu ndege apewe jina. Wataalamu walikuwa wakitazama juu mitini.

Nilipewa habari hiyo kwa simu na aliyekuwa mwanafunzi wangu, akipiga kelele. Nikamuuliza tarehe na mahali. Akacheka akasema, "Mwalimu, zimeandikwa."

Mwaka huohuo wa 2013 ikaanza ramani mpya ya ndege wa Kenya. Ramani ya awali, kazi kubwa ya Adrian Lewis na Derek Pomeroy iliyochapishwa 1989, iliigawa nchi katika miraba ya kilomita 55 hivi kila upande. Mraba mmoja ungeweza kumeza Malindi, Watamu, Gede na msitu wote. Hii mpya, iliyofuata utaratibu wa Afrika Kusini, ina miraba ya kilomita 9 hivi. Unatembea ndani ya mraba wako kwa saa mbili au zaidi, unaandika kila aina kwa mpangilio ulivyowakuta, na unaweza kuendelea kuongeza kwa siku tano. Huhitaji kujua idadi. Unahitaji kutomwacha yeyote, hata kunguru. Ikaja kutumia programu ya simu, ambayo inaweka saa na mahali yenyewe.

Simu imeninyang'anya nusu ya kazi na sina kinyongo. Haikosei tarehe. Haiandiki "Mida" tu kana kwamba Mida ni chumba. Lakini simu haiulizi mia tatu za kuhesabu au za kukadiria. Na haikubali kwa urahisi kwamba mtu alikwenda akakosa. Kwenye kundi letu tunatumia vyote viwili, na usiku huohuo mmoja anasoma karatasi na mwingine anatazama simu, wakitofautiana wanagombana mbele yangu, si wiki ijayo.

Ugomvi mkubwa wa sasa ni posho. Vijana wanasema miradi huja na magari na fulana, ripoti zinakwenda mikutanoni, na wao wanarudi nyumbani na jua kichwani. Wana haki. Wazee wengine wanasema kazi ya kujitolea ikilipwa itaharibika. Hawa nao hawajawahi kukosa nauli ya bodaboda. Mimi nimesema kikaoni kwamba tulipe siku, nauli na chakula, na tulipe sawa kwa aliyeona ndege elfu na aliyeona sifuri. Mtu mmoja alipendekeza bonasi kwa kila aina mpya. Nilisimama kupinga kabla hajamaliza. Nimekuwa karani wa sensa, najua namna kaya inavyoongezeka watoto ikisikia kuna unga wa msaada.

Linalobaki ni Julai. Januari kila mtu anaijua: jua, wageni, wapiga picha, mla kaa mamia kwa mamia. Julai kusi inavuma, mvua ya pembeni, na ndege wakubwa wamekwenda kwao kuzaa. Wanaobaki Mida ni wale wachanga wasiofikia umri wa kutaga, ambao hawakuona sababu ya kusafiri. Ukiwahesabu hao kila mwaka unapata dalili ya makinda wangapi wa mwaka uliopita walinusurika huko Siberia na Oman. Hakuna anayetaka kulipia Julai, kwa sababu picha zake hazipendezi. Kikao kimekubaliana kwamba Julai hii tutahesabu kwa miguu, bila mashua, upande wa Dabaso na upande wa Mida Majaoni, bamvua ya mwezi mpevu. Mahamri yatatoka kwangu. Mbaazi bado hazijapata mwenyewe.